Résumé ya Mama Mbambu iko murefu kupita habari yenyewe

Mama Victorine mupendwa wa redio, mwenye kutupatia mashauri, unisamehe kwanza, tangu juma ya jana nilipashwa kukuandikia, lakini mutoto wangu Tracy anaota meno, nikikamata biki analia, nikiacha biki ananyamaza, sasa amesinzia kidogo njo naandika mbio, unisaidie.

Mi nasoma ku masomo ya bantu bakubwa, nyuma ya midi, saa sita ikisha kupita, juu shule niliachia njiani, na ku banc tunaikala babili, mi na Mama Mbambu, mama wa Butembo mwenye kuuzisha maharagi kwa magunia, na yeye njo anabebaka Tracy ku magoti wakati naandika, bila yeye singemaliza hata mustari moja. Sasa Monsieur Liévin, mwalimu wetu, alitupatia habari ya ukurasa moja, lori ya samaki iliharibika njia ya Kasomeno, chauffeur mwenye kuiendesha akagawia bantu ba kijiji samaki mbele zioze, akasema tufanye résumé, tuifupishe ku mistari sita, kisha kila muntu asome karatasi ya mwenzake na aandike pale chini nini iko muzuri na nini ya kutengeneza. Mama Mbambu akaandika kurasa tatu! Alianza na salamu, akataja kijiji kizima, akaweka na mama ya chauffeur, vile alilia. Nikamuuliza polepole: "Mama, ule mama ya chauffeur, ulimuona wapi mu habari?" Akaniangalia: "Kumbe chauffeur alizaliwa na lori?" Akasema ukileta habari mu famille hauruke muntu, mwenye unaruka atasema unamuzarau. Na Tracy alikuwa amelala ku kifua chake, ningefanya je? Nikaandika: "Muzuri sana, mama, usibadilishe kintu."

Furaha yake! Anaonyesha bantu bote. Lakini mutihani ni juma yenye kukuya, mwenye kupita mistari sita anapata zéro, atarudilia mwaka muzima juu yangu. Kwa hiyo unitumie maneno ya kuanza nayo, remarque ya kuandika pale chini, na namna ya kuangalia uso yake wakati anaisoma. Hiyo tu.

Mama Tracy


Mama Victorine anajibu: Mama Tracy, pole ya meno na pole ya usingizi. Pole zimeisha.

Ulimuandikia "muzuri sana" juu anabeba mutoto wako: hiyo haiko remarque, hiyo ni mushahara. Na "usibadilishe kintu"! Hata Monsieur mwenyewe hangethubutu.

Sikia sasa. Kesho fika mbele ya masomo. Tracy umufunge ku mugongo wako mwenyewe, juu muntu anapashwa kukasirika na mikono mitupu. Umuambie: "Mama, nilikudanganya, niliogopa." Usizunguke. Kisha umuambie kile iko kweli, hakusahau hata muntu moja, na hiyo nusu ya darasa inawashinda.

Pale chini andika: "Mama, sema hii habari sawa vile unapiga telefone na unité inaelekea kuisha. Lori iko wapi, samaki ziko je, chauffeur alifanya nini." Mufanyabiashara ataelewa, hakuna mwenye kuuliza bei ya maharagi na kuanza na bajomba. Na akiogopa bale benye ataruka, umukumbushe: bantu ba mu habari habana famille huku Lubumbashi, hakuna mwenye atakuya kudai heshima ku mulango wake.

Uso yake? Usiiangalie. Wakati ule ule umupatie karatasi yako, ile yenye kufutwa-futwa, naye asahihishe. Akianza kukuchapa na biki ku ile karatasi, usijitetee, mama. Nyamaza mpaka amalize.