Majibu ya Damu ya Ng'ombe wa Baba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Wifi naye ameshazoea baridi ya huko? Sisi huku miili ni mizima, zaidi ya hapo siwezi kusema. Kikohozi cha Shangazi kimepungua, ila ubishi wake uko palepale.

Kuna jambo ambalo Baba hatakuambia kwenye simu, basi nakuandikia mimi.

Wanunuzi wa maziwa walitaka ng'ombe wote wa huku wapimwe damu. Nilimwomba mkuu wetu wa maabara ampeleke mtu mwingine kwetu, akasema wote wametawanyika kazini. Nikaenda. Baba aliwashika mmoja mmoja akiwabembeleza, nami nikitoa damu kwenye mshipa wa mkia. Alikuwa na furaha, akanitania kwamba amenisomesha nije kuwanyonya ng'ombe wake kama kupe.

Tunachotafuta ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukikutana na virusi. Virusi hivi vikishamwingia ng'ombe havimtoki, naye huwaambukiza wenzake, hata anenepe na kung'aa. Nikiwaona hao askari, najua adui yumo ndani, na amri ni kuchinjwa.

Niliwaona kwa watatu, mmojawapo yule mwekundu tuliyeachiwa na Mama. Nikarudia kupima. Yaleyale.

Nilimweleza Baba zizini. Akamshika yule mwekundu shingoni.

"Huyu amewahi kususa majani?"

"Hajawahi, Baba."

"Basi inayoumwa ni mashine yenu."

Nikacheka, yeye hakucheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini nani mwingine ameyaona majibu. Nikamwambia ni mimi peke yangu. Alinitazama tu, nami nikaelewa ninaombwa nini, na mzee ambaye maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu.

Niliwafikiria mitamba wa jirani wanaokunywa maji kwenye birika moja na wetu. Asubuhi nikayakabidhi majibu kwa mkuu wa maabara.

Gari la machinjio lilipokuja, Baba hakutaka mtu awaguse. Aliwapandisha mwenyewe, yule mwekundu wa mwisho. Akamfungua kamba shingoni, akaingia nayo ndani, akafunga mlango.

Hajanigombeza. Heri angenigombeza. Nikipika anakula, anashukuru. Lakini haniiti tena kwa jina. Ananiita Daktari, kwa heshima zote, kama anavyowaita wageni wanaokuja kikazi.

Mpigie, Kaka. Usinitetee, mjulie hali tu. Ila akinitaja kwa cheo, mkumbushe jina langu.

Shangazi anawasalimu sana, na Mjomba anauliza lini mtakuja. Mungu awalinde huko mliko, na atulainishie mioyo sisi tuliobaki.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba