Waridi la Katikati Halijachorwa

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Wiki ya ndoa haijaisha na mume wangu anachora shada langu la harusi! Bosire huyu huyu anayechora kuku na chupa za soda kwenye kuta za maduka Keumbu. Lakini picha hii ni ya mtindo wa kale, ule wa Ulaya: nyuma giza tupu, mwanga wa dirisha moja, mawaridi yameanza kulegea. Meza haiguswi. Petali zilizoanguka hazifagiliwi — eti ndizo roho ya picha. Tunakula kitandani, sahani magotini. Raha iliyoje!

"Unanitazama mimi au maua?" nikamuuliza.

"Sogea, unaziba mwanga."

Mpenzi wangu!

Ijumaa, 7 Novemba

Mama mkwe amefika kutoka Nyamira, ashinde nasi Sabato. Akaitazama meza. Akanitazama mimi. "Mokamwana," ndivyo anavyomwita mke wa mwanawe, "harusini hamkupewa ufagio?" Nikasema tulipewa tatu.

Bosire akamweleza uzuri wa kitu kinachonyauka. Mama akasema majirani wataeleza vingine: bibi harusi mvivu.

Limebaki waridi moja la kuchora, lile kubwa la katikati. Jua likatua, Sabato ikaingia, Bosire akaweka brashi chini. Kazi tena ni Jumapili.

Jumamosi, 8 Novemba

Maua hayashiki Sabato. Yanaendelea kufa tu! Mchana wote baada ya ibada, Mama aliketi mbele ya meza, mikono mapajani, akiyakodolea macho. Nikafurahi, nikadhani ameanza kupenda sanaa. Kumbe anangoja jua lizame!

Lilipozama tu — Bosire bado yuko kanisani na kwaya — Mama akasimama. Ufagio. Maji. Shada likaenda kwa ng'ombe. Kisha akatoa mkobani maua ya plastiki, yameoshwa kwa sabuni, na kitambaa alichokishona mwenyewe. "Haya hayafi," akasema. Nikamsaidia kukitandika kitambaa. Ningefanyaje? Ni mkwe!

Bosire akaingia, akaganda mlangoni. "Nani?"

Mama alikuwa keshaingia jikoni, anaimba wimbo wa kanisani.

"Ni mimi, mpenzi," nikasema. Uongo wangu wa kwanza wa ndoa!

Akachukua picha, rangi na taa, akatoka. Mama akaja kunifinya shavu: "Sasa umekuwa mtu wa nyumba hii."

Nasikia sauti ya Bosire zizini. Anambembeleza ng'ombe asilitafune haraka waridi la katikati. Hata mimi hajawahi kunibembeleza hivyo.