Baba, Tulikuimbia

Kamina, tarehe 9 Juni 1952

Baba yangu Shampasa,

Naanza na jina hilo ingawa najua mwanzoni hukulipenda. Baba wa mapacha. Hapa Kamina hakuna aliyekuita jina lingine mpaka mwisho, na hata msalaba wako Kyungu ameuandika hivyo, chini ya jina la ubatizo, kwa herufi ndogo kidogo.

Nimekuota tena alfajiri ya leo. Ulikuwa umesimama pale reli zinapoachana, ile ya Bukama na ile ya Kasai, umeshika bendera yako ya kijani, na uso wako wote ulikuwa mweupe. Gari la moshi likapita kati yetu polepole, bila sauti yoyote, likachukua muda mrefu kama siku nzima. Moshi ulipoisha hukuwepo. Bendera tu ilikuwa inapepea karibu na ardhi, kama imeshikwa na mtoto. Nikaamka na swali lile lile, kwa hiyo nimeketi kukuandikia kabla ya kwenda shuleni kwa watoto wangu wa darasa la kwanza.

Nataka kukueleza jinsi tulivyomaliza matanga yako, kwa sababu sijui kama tulifanya ulivyotaka. Hukusema. Siku zile za mwisho nilikaa kando ya kitanda nikikupepea kwa kofia yako ya kazi, na mara nyingi nilifungua mdomo kukuuliza: Baba, ukiondoka, tukulilie kama kwenu au tukuimbie kama hapa? Nikaona aibu. Ulikuwa bado unaomba uji. Ningekuulizaje jambo kama hilo?

Hapa kwa Baluba baba wa mapacha haliliwi kama mtu mwingine. Anaimbiwa. Na nyimbo zenyewe ni za matusi na kicheko, zile zile walizomwimbia watoto wake walipozaliwa. Kwenu, kijijini kwenu kando ya ziwa la Nyasa, ulituambia mapacha hupokelewa kimya, mlango umefungwa, na maiti huliliwa kwa sauti ya chini mpaka sauti iishe yenyewe. Wewe ulitoka huko kijana, na Mama nyuma yako, kwa ajili ya kazi ya reli. Halafu tukazaliwa sisi wawili siku moja, Kyungu akatangulia, mimi Kabange nikafuata, na jina la Shampasa likakushika upende usipende.

Siku ile siikumbuki, nilikuwa na saa chache tu duniani. Lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka naiona. Naona mlango wetu katika kambi ya reli, umefungwa kama kwenu. Naona wanawake wanakuja kutoka upande wa bomba la maji, wamejipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni na mikononi, na mbele yao Mama Numbi, kijana bado, anacheza kwa kiuno na kukuimbia:

"Shampasa, miguu iko ya kuku, lakini kazi ya nyumba anaijua!"

Wengine wakaitikia kuhusu Mama, maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika kwenye karatasi. Walikuwa wanatupokea. Walikuwa wanatupa heshima kubwa kuliko zote walizonazo. Wewe ukasikia watu wanamtukana mke wako aliyelala na uchungu wa kuzaa. Ukafungua mlango, ukachukua ile ndoo nyekundu ya reli iliyokuwa na maji ya kuoshea miguu, ukawamwagia yote.

Mama Numbi husimulia mpaka leo. Anasema alisimama akidondoka maji, pemba ikimteremka mpaka kifuani, akasema: "Munyasa amenibatiza mara ya pili! Bapadri hawakutosha!" Lakini siku ile, anasema, hakucheka. Waligeuka wakaenda zao, na wimbo ukakatika katikati.

Mama ndiye aliyenieleza siku zilizofuata, kwa maana wewe hukupenda kuzisema. Hakuna aliyeleta unga. Hakuna aliyeleta moto. Pale bombani wanawake walimwachia Mama nafasi kubwa, kama mtu anayepita na mzigo unaonuka. Mimi nikakataa kunyonya. Kambi nzima ikasema mapacha wamekasirika kwa sababu hawakuimbiwa. Wewe ulisema ni upuuzi. Mama hakubishana nawe juu ya mapacha. Alikwambia tu: "Ulinileta huku siku nyingi kwa treni. Dada zangu wako mbali. Wale uliowamwagia maji ndio dada zangu niliobaki nao."

Sijui ulikaa na maneno hayo kwa siku ngapi. Najua tu kwamba Jumapili moja, baada ya ibada, ulivaa shati lako la buluu, ukaijaza maji ile ndoo nyekundu, ukaibeba mpaka nyumbani kwa Mama Numbi, watu wote wakikutazama. Ukaiweka miguuni pake. Kiswahili chako kilikuwa bado kichache. Ulisema neno moja: "Nimwagie."

Hakukumwagia. Alileta pemba, akaikoroga humo humo ndani ya ndoo, akasema: "Ukae chini, Shampasa. Uko murefu sana, mukono yangu haifike." Ukakaa chini na shati lako la Jumapili. Wakakupaka uso, shingo, mabega. Wakamtoa Mama nje, wakatutoa sisi, wakatuzungusha kambi yote, nawe ukacheza. Mama anasema ulicheza vibaya sana. Anasema watu walicheka mpaka wakashika ukuta.

Ulituambia kwamba shati lile liliharibika, ukalitupa katika moto wa gari la moshi. "Walinipaka kama ukuta," ulisema kila tulipokuchokoza, na uso wako haukucheka.

Baba, nimefikiri sana juu ya mgeni na nchi anayoingia. Wako wanaosema lazima awe kama wenyeji, na wako wanaosema abaki alivyo. Mimi nina wewe tu wa kufikiria. Sheria hazikukusumbua. Siku ya kwanza karani wa kambi alikusomea zote, nawe ulikuwa unatuigizia sauti yake ya puani: ua ufagiliwe kila asubuhi, ngoma zinyamaze kengele ikilia, mtu asisafiri bila karatasi. Ulizishika bila taabu. Ulisema sheria ni rahisi, kwa sababu mtu anasimama mbele yako na kukusomea. "Lakini hakuna aliyenisomea Mama Numbi," ulisema.

Na hukugeuka Muluba. Uliomba kwa lugha ya kwenu mpaka mwisho. Kila samaki wa Bukama ulimlinganisha na chambo wa ziwa lenu, na kila samaki alishindwa. Ndani ya nyumba uliniita Esinati, jina la mama yako, na nje ya ua uliniita Kabange, nami nikajifunza kugeuka kwa majina yote mawili. Kyungu alipougua surua wakakwambia umpeleke kwa mganga, ulikataa, na hakuna aliyekununia. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa umekwisha kukaa chini ukapakwa. Walikuwa wanakataliwa na mtu wao.

Sasa nikueleze matanga.

Baba mdogo Lameki, mdogo wako, alikuja kutoka Ndola. Alichelewa maziko, lakini alifika siku mbili kabla ya kumaliza matanga, amevaa koti jeusi katika jua lile. Analia kama wewe, bila sauti, machozi yanakwenda tu. Aliposikia kwamba wanawake watakuja kuimba, akasimama. "Kaka yangu si kichekesho," alisema. "Alikuwa mgeni hapa, na mgeni analiliwa kwa desturi ya kwao." Kyungu akamjibu, "Baba mdogo, mgeni gani huyo wa miaka yote hii?" Wote wawili wakanitazama mimi, kwa sababu ni mimi niliyekaa nawe mwisho. Nikasema hukuniambia kitu. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, tukaanza kuwasikia wanawake upande wa bomba. Baba, nilikuwa nimesimama katikati ya ua na miguu yangu haikujua iende wapi. Nikamwona Baba mdogo anatazama huku na huku, halafu anainama, anachukua ndoo iliyokuwa karibu na mlango. Ndoo nyekundu. Ulikuwa unaipaka rangi upya kila mwaka, nami sikujua kwa nini.

Ilikuwa kama nimelala na kuota kitu nilichosimuliwa. Mkono ule ule mrefu. Namna ile ile ya kupanua miguu. Hata miguu yenyewe, Baba, ni ya kuku. Nikasema, "Baba mdogo, ndoo hiyo ilishafanya kazi hiyo." Hakunielewa, lakini alisimama. Nami nikaenda kwenye lango la ua, nikatoa kile kipande cha waya ulichokuwa ukifungia, nikalifungua. Ni mikono yangu. Si Kyungu, si Mama. Ukiwa umekasirika, nikasirikie mimi.

Mama Numbi aliingia wa kwanza. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, lakini alikuwa amepakwa pemba kama wengine. Akamwona Baba mdogo na ndoo mkononi. Akasimama, akamtazama juu mpaka chini.

"Aa! Munyasa mwengine!" akasema. "Familia yao yote iko na ndoo!"

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata Kyungu. Mama alicheka ndani ya nyumba, nilimsikia, ndiyo sauti yake ya kwanza tangu ulipoondoka, halafu akatoka nje akicheka na kulia, wakampokea mikononi. Baba mdogo aliweka ndoo chini. Akachukua kiti, akakigeuza, akaketi ameelekea ukuta. Na hapo Mama Numbi akaanza, lakini taratibu, sauti yake imechakaa:

"Shampasa wa miguu ya kuku, uko naenda wapi na mbio ile?"

Wakaitikia. Nami nikaitikia. Nilijaribu kucheza, nikacheza vibaya kama wewe. Mchungaji alipita barabarani na baiskeli yake, akatazama mbele tu kama mtu asiyesikia. Uwongo siwezi kukuandikia: nilifurahi. Lakini kila nilipogeuka niliuona mgongo wa koti jeusi umeelekea ukuta, nikajiuliza kama na wewe ulikuwa umeelekea huko.

Kesho yake tulifungua sanduku lako la bati ili Baba mdogo achague kitu cha kupeleka kwenu. Juu kulikuwa na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, zimekunjwa vizuri. Chini yake koti la kazi. Chini kabisa, ndani ya gazeti la zamani, shati la buluu.

Hukulitupa, Baba. Hukulifua hata mara moja. Pemba ilikuwa imekauka mabegani, imepasuka pasuka kama njia ya matope iliyokaushwa na jua, na begani upande wa kushoto kulikuwa na kiganja kizima cha Mama Numbi, vidole vyote vitano. Baba mdogo akalinyanyua, unga mweupe ukamwingia vidoleni. Akaniuliza, "Hii ni nini?"

Nikamwambia, "Ni siku aliyofika Kamina."

Nikamsimulia yote, tangu ndoo ya kwanza. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza alilikunja shati polepole, akasema, "Mwili wake umebaki kwenu. Hili nipe, nilipeleke kwenye kaburi la mama yetu." Halafu akajifuta vidole kifuani, juu ya koti lake jeusi, na alama nyeupe ikabaki pale. Sijui kama alifanya kwa kusahau. Alipanda treni nayo.

Nadhani shati lile ndilo jibu lako. Nadhani tu. Kwa hiyo naendelea kukuota.

Mambo mengine ni haya. Ndege za Base ya Kamina zinapita juu siku hizi mpaka masufuria yanatetemeka, na kuku wa Mama hawajazoea. Kyungu amepata kazi huko huko Base, anaondoka na baiskeli yako. Mama anakula bukari kidogo, lakini anakula. Anayegeuza reli mahali pako ni kijana mpole, naye bado anapeperusha bendera kama anafukuza nzi.

Na nyumba ya jirani wameingia watu wapya, wametoka mbali, upande wa Ruanda. Bwana anafanya kazi ya kupakia makaa. Mke ana mimba kubwa sana, tumbo pana, na Mama Numbi amelitazama mara moja tu akaenda kutafuta pemba.

Jana nilivuka ua nikaenda kwao. Niliketi na yule dada, Kiswahili chake ni kichache kama chako cha zamani. Nikamwambia, wakizaliwa wawili, wanawake watakuja, watakutukana, ni heshima, mumeo asiogope. Alishika mdomo akacheka. Kisha nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuuliza wewe: na kwenu mnafanyaje? Akaanza kunieleza kwa mikono.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, Baba. Mtu yeyote atakayeshuka katika treni na kukaa karibu na mlango wetu, nitakwenda kumsomea Kamina, na nitakaa anisomee kwao, kabla ngoma hazijaanza. Ndoo nimeijaza maji, ni ya miguu tu.

Sasa kengele ya shule inalia na watoto wananingoja. Lala vizuri pale ulipo, penye mchanga mwekundu, karibu na reli ili usikie. Ukikutana na mama yako mwenye jina langu, mwambie shati liko njiani.

Nami unikumbuke, kwa jina lolote kati ya yale mawili.

Binti yako,
Esinati Kabange, yule aliyekuja wa pili