Printa Iliyoungua

Amani, 12 Julai 1998

Mke wangu Marta,

Huku sijambo, ila baridi ni kali. Tangu shamba la chai liuzwe, tajiri mpya ametugawia mashati ya kazi, na langu linanibana.

Barua yako nimeisoma. Unasema kompyuta ya ofisini kwenu bado inachelewa kufungua majedwali ya mauzo ya mboga, na Bryson fundi huja kila mara, mkakaa pamoja kuisubiri. Unasema pia ni mtu wa kuchekesha. Mtoto wetu umemtaja mara moja tu, mwishoni.

Nikamuuliza Benedikto, mhasibu wetu, kwa nini kompyuta ichelewe hivyo.

"Kuna printa waliyoiondoa?" akaniuliza.

Nikamwambia ya kwenu iliungua kwa radi.

"Basi programu ikifunguliwa inaanza kuitafuta hiyo, ndiyo maana inachelewa. Wafute jina lake, wachague ile mpya. Ni kazi ndogo, fundi yeyote anaijua."

Fundi yeyote, Marta.

Jumamosi nilikuja Lushoto bila kukuarifu. Nilitaka nikufurahishe. Nilifika hadi dirisha la ofisi yenu, nikawaona mmekaa, mnacheka. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Sikubisha hodi. Nilirudi stendi nikapanda basi la Tanga.

Maelekezo ya Benedikto nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Yafuate wewe mwenyewe, usimwite mtu. Majedwali yakianza kufunguka upesi, niandikie uniambie kama Bryson bado anakuja.

Mumeo,
Hezekia