Shingo ya Sultani

Milimani, juu ya Morogoro

Kwa umbu langu mpenzi Mwanaisha binti Kondo, Bagamoyo.

Mtoto wa mama yangu, natanguliza salamu, maana mtu hata akiwa na moto kifuani haingii nyumba ya watu bila hodi. Hujambo? Watoto hawajambo? Kile kifua chako cha masika kimepoa? Na shemeji yangu bado anasema kikohozi chake ni vumbi? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Meno yangu yote yamo ila mawili, na hayo mawili yalitoka kwa ugomvi, hayakutoka kwa uzee. Napanda mlima huu na mzigo wa kuni kichwani, na vijana wa hapa wananipisha njia. Mwili mzima. Roho ndiyo iliyochafuka, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nimeiandika mwenyewe, sikumwendea karani. Herufi zangu zinakwenda upogo kama wapagazi waliochoka, lakini zitafika. Mumeo atakayekusomea mwambie asiruke neno. Hata penye aibu yangu asome kwa sauti ile ile.

Mwanaisha, mbuzi wa mama hayupo tena. Nimeanza na hilo nisije nikazungukazunguka. Yule beberu niliyekuahidi, kwamba Idi hii ya kuchinja nitamchinja kwa jina la mama yetu, aliyezikwa mimi niko safarini na mkono wangu haukumwaga hata konzi ya mchanga, huyo hayupo. Ameliwa. Na aliyemchinja ni mimi.

Ngoja kwanza, usipige kelele, nikueleze.

Wewe unajua habari yangu na nyama. Nilipokuwa kirangozi, mwenye kuongoza misafara, na hakuna kirangozi wa pwani aliyepita njia ya Unyanyembe mbele yangu bila kuniomba ruhusa, tulipatwa na njaa porini tukala ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Wenzangu walitapika wakapona. Mimi nililala nikiyaona malaika. Nikaweka nadhiri, nikipona, nyama haitapita kooni mwangu, ila ile ya Idi, ya mnyama niliyemlea kwa mkono wangu. Nikapona. Tangu siku hiyo chakula changu ni mchicha, mlenda, kunde, majani ya maboga, na huku milimani magimbi na ndizi na uyoga wa masika. Watu wakaniambia utakauka. Nani amekauka? Walionambia hivyo wako chini ya ardhi, nami nabeba kuni.

Sasa mke wangu Zena, yeye na nyama ni kama moto na kuni. Nilipomwoa nilimwambia, mimi siku zangu zote ni majani. Akasema, "Kula majani yako, mume wangu, mbuzi nao wanakula, na mimi nawapenda mbuzi." Nikacheka. Tukapatana, vyungu viwili, miiko miwili, na mwiko wake usiguse chungu changu. Tumekaa hivyo miaka bila neno. Yeye anatafuna mfupa mpaka unalia, mimi namega ugali wangu na mlenda wangu, kila mtu na shibe yake.

Na nyama anaipata kwa mgongo wangu! Hapa kijijini watu wamesilimu juzi tu, hawajui kuchinja. Mimi ndiye niliyewafundisha. Mnyama umlaze akielekea kibla, kisu kiwe kikali, umfunike uso asikione. Kila penye mnyama wa kuchinjwa naitwa mimi, mbali na karibu. Na desturi ni kwamba mchinjaji hupewa shingo. Mimi shingo ya nini? Naileta nyumbani, nampa Zena, anaimba jioni nzima. Nadhani wanawake wa hapa wanamwonea wivu, mume asiyekula nyama na nyama haikosekani.

Beberu nilimpa jina Sultani. Alizaliwa nyumbani kwetu wakati wa mvua, mama yake akafa, nikamnywesha uji kwa kidole. Mwekundu, na bega lake moja jeupe kama sahani. Akisikia sauti yangu njiani anaitikia. Kila mtu alijua kuwa ni wa Idi, ni wa mama. Zena alijua. Kaka yake Banzi alijua, alikuwa akipita anampapasa mgongo na kusema, "Mbuzi huyu ana mafuta, shemeji." Nami kwa ujinga nikiona ananisifu.

Basi alfajiri moja Banzi akanigongea. Akasema, "Shemeji, leo ukoo wetu una tambiko kule juu. Wako vijana wetu waliosilimu, hawatatia mkono chunguni asipochinja Mwislamu. Twende, tunakungoja wewe."

Nikauliza, "Mbuzi wa nani?"

"Wa ukoo, shemeji. Wa nani tena?"

Zena hayumo kitandani. Nikadhani ametangulia kuchota maji. Nikatwaa kisu changu, tukapanda. Ukungu, Mwanaisha, ukungu wa mlima huu wewe huujui, unaingia mpaka ndani ya kanzu. Usije ukasema macho. Macho yangu yanaona moshi wa gari la moshi likiwa Kingolwira, kabla hata vijana hawajausikia mlio. Ni ukungu. Na hao watu walikuwa wamempaka mbuzi majivu mwili mzima, wakaniambia ndiyo desturi ya tambiko lao. Na uso wamemfunika kwa jani la mgomba.

Nikasema, "Mmemfunika?"

Banzi akasema, "Tumemfunika. Si wewe uliyetufundisha, shemeji? Mnyama asione kisu."

Mbuzi alikuwa anarusha miguu, wanaume wanne wamemkalia na hawamwezi. Nikainama nikasema, "Tulia, bwana. Tulia." Akatulia. Akatulia kabisa, Mwanaisha, akalegeza shingo. Nikawageukia watu nikasema, "Mnaona? Hata mnyama anaujua mkono wa mtu." Wakacheka wote. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nikadhani wanacheka maneno yangu, maana mimi nikisema jambo watu hucheka. Nikacheka nao. Nikasema Bismillahi, nikachinja.

Wakanipa shingo yangu ndani ya jani. Nikashuka nayo, nikamkuta Zena jikoni. Nikamwambia, "Haya, bahati yako hii." Akaipokea kwa mikono miwili na hakuniangalia. Wala hakuimba. Mimi nikachukua maganda ya ndizi kumpelekea Sultani. Kamba ipo. Mbuzi hayupo.

"Zena, Sultani yuko wapi?"

Anapuliza moto. "Amekwenda juu."

"Juu wapi? Kafunguliwa na nani?"

Akaendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umekwisha kuwaka.

Nilirudi mlimani mbio, na nilipofika nikakuta ngozi imewambwa kwa vijiti, bado ina majivu ukingoni. Nyekundu. Begani ina sahani nyeupe. Nikaipapasa ile sahani kwa kidole. Banzi akanijia na mkono una mafuta, akasema, "Mtani, mbona umenuna? Mzaramo na Mluguru hata sanda tunaibiana."

Hapo nikapaza sauti, mimi niliyewahi kumtukana mwenye mali mbele ya msafara mzima. "Utani ni kuku! Utani ni jembe! Utani si mbuzi wa marehemu wa watu!"

Akasema polepole, "Na sisi tumemchinja kwa ajili ya marehemu wetu, shemeji. Au marehemu wa pwani ndio wenye njaa peke yao?"

Nikaenda kwa jumbe wa kijiji. Nikadai haki yangu kama mtu mzima. Jumbe akaniuliza, "Nani alichinja?" Nikasema mimi. "Alikushika mkono mtu?" Nikasema hapana. "Shingo ya mchinjaji alipokea nani?" Nikasema mimi tena. Akasema, "Mzee Shomari, aliyepokea fungu lake ameridhika, ndiyo sheria yetu. Nimkamate nani, nikukamate wewe?" Baraza zima likaangua kicheko. Nikasema nitashuka bomani kwa Bwana Shauri. Akasema, "Shuka. Ukampelekee Mdachi kesi ya mbuzi uliyemchinja mwenyewe, uone utapanda tena mlima huu na makalio gani." Basi nikarudi nyumbani. Siogopi kiboko, unanijua. Lakini mtu hapeleki jina la mama yake mahali pa kuchekwa mara ya pili.

Zena alikuwa amepika ile shingo. Nikamwambia asile. Nikasema, "Hiyo ni shingo ya mama yangu."

Akasema, "Mama yako alikuwa mbuzi?"

Nikasema, "Ungeniomba!"

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa!"

"Basi." Akavuta sahani. "Ukoo ulinidai mimi, si wewe. Matambiko yote mawili yaliyopita sikutoa kitu, wenzangu wananisema kisimani. Wewe una kwenu. Ukikasirika unakunja mkeka unakwenda pwani. Mimi kwetu ni hapa, nikitengwa nitakwenda wapi?"

Huku kwao, Mwanaisha, mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, hata jiwe la kusagia. Mwanamume anakuja na panga lake na akiondoka anaondoka na panga lake. Nimelima kilima hiki mpaka kimenijua, na hakuna tuta ninaloweza kusema hili langu. Sultani peke yake alikuwa wangu. Na Zena alilijua hilo alipokuwa anafungua ile kamba.

Akala, mbele yangu. Akanyonya pingili moja moja, hakuacha hata mchuzi. Mimi kwa uchungu nikamwambia, kula, kula, nyama imekufanya mwizi, mimi mchicha umenipa nguvu na heshima mpaka uzeeni.

Ndipo akaniangalia, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema, "Mchicha? Hizo nguvu zako, mzee, zimepita chunguni kwangu kwanza."

"Unasema nini?"

Akaramba kidole.

"Zena, umesema nini?"

"Nimesema kwa hasira."

Nimemuuliza asubuhi, nimemuuliza shambani, nimemwapisha kwa mama yake. Hasemi ndiyo wala hasemi sivyo. Anasema, "Umeshiba miaka yote, unataka nini?"

Sasa najipikia. Nimetafuta chungu kipya ambacho hakijaona moto wa mtu, nimeweka mafiga yangu nje ya nyumba, majirani wanapita wananisabahi kwa kicheko. Mchicha nauchuma mwenyewe, bustani ile ile. Karanga natwanga mwenyewe. Umbu langu, hauna ladha. Nimezidisha karanga. Nimezidisha chumvi mpaka ulimi ukawaka. Ile ladha niliyoizoea, ile niliyokuwa nikiwasifia watu barazani kwamba majani yakipikwa vizuri yanaipita nyama, haipo. Huenda ni mimi sijui kupika. Mwanamume akipika inaweza kuwa hivyo. Huenda ni uchungu. Mimi sijui, na mtu mwenye nadhiri heri ajue ameivunja kuliko kukaa hajui. Kwa Mungu nitasema nini? Nitasema nilimwamini mwenye mwiko.

Mbuzi nimesamehe, au nitasamehe. Utani ni utani, na marehemu wao nao wana haki. Hilo la chungu ndilo siliwezi. Mbuzi walimchukua mara moja. Hili la chungu, la kunitilia mchuzi wa nyama, kama ni kweli, alilifanya kila jioni, na akanitazama nikijisifu.

Kwa hiyo nakuja. Usinitumie mtu, usinitumie kitu. Nitapanda gari la moshi hapa Morogoro mpaka Dar es Salaam, kutoka huko miguu yangu inaijua njia. Nataka Idi inikute kaburini kwa mama, tumsomee wewe na mimi, nimwambie mwenyewe kwamba sina mnyama. Na siku nitakayofika usinichinjie hata kuku. Nipikie mchicha, wewe kwa mkono wako, kwa chungu kilichooshwa, nikae hapo hapo jikoni nikuone unavyopika. Nionje. Nikikuta una ladha ile ninayoijua, nitarudi mlimani na nitamwomba Zena radhi, ingawa sijawahi kumwomba mtu radhi na sijui inaanzaje. Nikikuta ni kama huu wangu, basi niwekee kitanda.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, anayekusomea haya, na asicheke. Nisalimie mtoto wa baba mdogo, Mwinyimkuu fundi wa majahazi, mwambie mguu wangu bado unamshinda mbio. Nisalimie shangazi Mwanakombo, kama Mungu bado anamtazama, na somo yangu muadhini, na yule jirani aliyemwosha mama, mwambie sijamsahau.

Zena amekaa mlangoni ananitazama nikiandika. Ameniuliza naandika nini, nimemwambia bei ya tumbaku. Akasema, "Basi huyo wifi yangu anayeandikiwa bei ya tumbaku mpe salamu zangu, mwambie kifua chake anywe maji ya tangawizi." Sikutaka kuiandika. Lakini salamu ni amana, umbu langu, na mimi amana ya mtu naifikisha kama nilivyopewa.

Ni mimi kaka yako, mwenye mkono huu na hati hii,
Shomari bin Kondo, kirangozi