Kura ya Sita ya Dunmire

Dunmire, Nebraska
14 Aprili

Mdogo wangu Gaylen,

Nakusalimu kutoka huku kwenye upepo, nikitumaini barua hii itakukuta wewe, Marcy na watoto mkiwa wazima, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa kujikongoja. Goti la kushoto linagoma kila asubuhi, lakini nikishakunywa kahawa huwa linakubali kazi. Theluji imeyeyuka, matope yamechukua zamu yake, na ng'ombe wa jirani wanazaa mfululizo.

Mji uko palepale ulipouacha, barabara inapopinda kukikwepa kijito. Mitaa ni ile minne, ila miwili sasa haina mtu. Kaskazini ni malisho na vilima vya mchanga, kusini ni mahindi mpaka macho yachoke, na duka la karibu bado liko maili thelathini na moja. Kibao cha barabarani kinasema tuko watu thelathini na wanane, nacho kinasema uongo mchana kweupe. Tangu akina Pruitt wahame tumebaki kumi na wanne, na watatu kati yetu hawajafikisha umri wa kupiga kura.

Habari ya kura unayo tayari, maana najua Twila wa posta alikupigia simu kabla hata viti havijakunjwa. Tulikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, tukaulizwa jambo moja tu: je, baraza la mji livunjwe, Dunmire ibaki jina tu na mambo yake yashikwe na kaunti? Mimi karani ndiye niliyezifungua karatasi mbele ya watu. Ndiyo zilikuwa sita, Hapana tano. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikula keki za plamu za Twila, tukaosha vikombe, tukaenda zetu.

Kelele zilianza kesho yake. Ukiwasikiliza watu pale dirishani kwa Twila, kura za Hapana zilikuwa kumi na moja! Kila mtu anaapa kwamba si yeye. Watano wanadanganya na wanajijua, lakini kwa kuwa hakuna anayetaka kuchunguzwa, wamekubaliana kumtafuta mmoja wa kubeba mzigo wote. Wamempata Mzee Emil Zoubek. Unakumbuka mwaka juzi aligombana na baraza kuhusu maji, akasema mbele za watu tulivunje tu, maji yenyewe yananuka kama soksi. Basi maneno hayo ndiyo ushahidi. Twila anasema hahitaji kuona karatasi ya mtu ili amjue, na kwamba mdomo uliponza kichwa.

Tangu hapo hawamwinulii kidole. Wewe umekaa Tacoma miaka mingi, lakini hujasahau: hapa ukipishana na gari lolote unainua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimu dereva, hata kama ni mtu uliyemshtaki mahakamani. Mzee Emil, anayekwenda kwa miguu siku hizi, anaanza kuinua chake akisikia tu gari likiwa bado mbali, ili wasiseme hawakumwona. Wanatazama mbele tu. Nilikuwa ndani ya gari la Twila siku moja nikaliona hilo kwa macho yangu, na sikusema neno.

Jumamosi alikuja kwangu na bahasha. Macho yake yameharibika katikati, anaona pembeni tu, kwa hiyo barua zake huwa namsomea mimi. Nilitambua mwandiko kabla sijaipokea. Ilikuwa barua yako, Gaylen.

Niliisoma kwa sauti mezani kwangu. Nilipofika pale ulipomwambia amekula chumvi ya baba yetu kisha akamtemea mate kaburini kwa kura hiyo, niliruka mstari. Akagonga meza, akaniambia, "We Arlys, usinichujie. Mimi si mtoto mchanga. Soma yote." Nikasoma yote. Alicheka kidogo, akasema mdogo wangu ana kipaji cha matusi, ni heri angekitumia kuwaandikia wanasiasa.

Alisema alipiga Hapana. Alisema Vera wake amelala pale makaburini, na nyasi za pale hufyekwa na mji. Kwa nini aukate mkono unaomfyekea mkewe? Hasira zake za maji zilikuwa za maji tu. Akasema mwisho wa mwezi anahamia Omaha kwa binti yake, kwa sababu kukaa mahali usipoamkiwa ni sawa na kukaa kaburini, na huko atafika bila kuharakishwa. Kisha akaniomba nimwandikie jibu. Nisikutukane. Nikukumbushe tu kwamba alilibeba jeneza la baba yetu kwa bega la kulia, na bega hilo linamkumbusha kila mvua ikitaka kunyesha.

Sikuweza kuliandika jibu hilo. Naandika hili badala yake.

Gaylen, mimi nilipiga Ndiyo. Wa sita ni mimi.

Nimechoka, mdogo wangu. Miaka ishirini na sita mimi ndiye karani, mpima maji, mfyeka makaburi na mpiga king'ora cha saa sita. Januari niliteleza kwenye barafu nje ya nyumba ya pampu, nikalala pale saa nzima nikimwita kila mtu kwa jina. Kumi na watatu nikawamaliza, nikaanza tena. Hakuna aliyepita, na si kwa ubaya. Hakuna tena watu wa kupita. Mlionihimiza kwenye simu nishikilie kazi ya ukarani aliyoiacha baba mlikuwa mbali na ile barafu. Kura yangu siijutii. Ninachokionea haya ni kwamba kwa wiki tano nimemwacha mzee wa miaka themanini na mmoja aadhibiwe kwa kosa langu, nikimmiminia kahawa.

Nakuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Posta inafungwa saa nne asubuhi. Nikishaitumbukiza hii, namwambia Twila palepale dirishani, na kufikia mchana mji mzima utakuwa unajua bila mimi kuongeza neno. Halafu naenda kwa Mzee Emil. Sijui kama atanifungulia, wala sijui kama ataacha kufunga mizigo.

Wakikupigia simu kunisema, usinitetee. Bali mwandikie yeye, umwombe radhi. Andika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ili aisome mwenyewe. Hatataka tena nimsomee mimi.

Wape watoto busu la shangazi yao, na Marcy mkono wangu.

Ni mimi dada yako,
Arlys