Mbao za Darini

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nimechambua viazi vya mbegu tena. Debe zima nimewatupia nguruwe. Vya chini, vinavyogusa udongo, vimelowa na vinanuka. Banda la bustani Elia alilijenga vizuri kabla hajafa, ila rafu hakuweka. Alisema mwakani. Mwakani ndio huu. Yeye yuko kaburini, mimi nimeinama. Mbegu hizi zikiisha, Novemba sina cha kupanda.

Jumatano, 6 Juni
Nimenunua mianzi ya rafu kwa jirani. Bei nafuu. Ameniapia kwamba aliikata kiangazi.

Jumanne, 12 Juni
Mwongo mkubwa, jirani yangu. Unga mweupe chini ya kila mwanzi, wadudu wameshaingia. Iliyokatwa masika ina utamu, wanaipenda. Tena viazi vinabingirika juu yake na kuchubuka. Nimeifanya kuni. Jumapili tutapeana mikono mlangoni mwa kanisa kama kawaida.

Ijumaa, 15 Juni
Makambako, juu ya magunia kwenye lori. Nilisikia dukani kule wanauza masanduku matupu ya chai. Yapo. Mbao zake nyembamba, ukigonga msumari zinapasuka, na bei utadhani chai bado imo ndani. Nimenunua misumari, ratili moja, nisirudi mikono mitupu. Vumbi mpaka kwenye meno. Misumari ninayo sasa. Cha kupigilia sina.

Jumamosi, 16 Juni
Si kweli kwamba sina. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma.
Darini jikoni, juu ya moto, kuna mbao tano za mpodo. Kazi ya Elia ilikuwa kupasua mbao. Hizi alizileta nyumbani mwaka wake wa mwisho. Nene, kavu, hazipindi. Zilikuwa nane. Tatu alizichukua shemeji Zakaria mwezi wa Machi, alipofariki bibi wa ng'ambo ya mto. Hapa kwetu ukiwa na mbao kavu, msiba haunyimwi.
Hizi tano mama mkwe anasema ni zake. Za sanduku lake la kuzikiwa. Eti Elia alimwahidi. Kila jioni anaota moto huku anazitazama. Mbao zinakula joto, viazi vyangu vinaoza kwa baridi. Mimi ahadi hiyo sikuwahi kuisikia. Na huyu bibi anakohoa tangu nilipoolewa, na bakuli la ugali anamaliza.

Jumapili, 17 Juni
Jana usiku nilimwomba mama mkwe zile mbao, leo amenishtaki kwa mwanawe. Zakaria kaja baada ya ibada, kakaa kwenye kiti cha Elia. "Shemeji, mimi ni mzee wa kanisa. Mama yangu akizikwa na mkeka, watu watasemaje?" Nikamuuliza yeye ameleta mbao ngapi. Akatazama saa yake.
Mbao hakuleta. Blanketi la mama yake hakuleta. Hata sukari. Kala kuku wangu, kaenda. Simpendi. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 19 Juni
Debe jingine limeoza. Basi. Mama mkwe alipotoka kuota jua, nikaweka ngazi, nikazishusha zote tano. Nikazifuta masizi kwa majani.
Wa tatu una maandishi. Penseli ya fundi, herufi za Elia zinazolalia kushoto. MAMA. Chini yake mistari miwili, alipompima. Mfupi. Sikujua kwamba ni mfupi kiasi hicho.
Kumbe alimwahidi. Kikongwe hakusema uongo.
Nikazigeuza zote, huku na huku. Jina langu halipo. Miaka kumi na minne nimempikia mtu. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Alhamisi, 21 Juni
Kwenye shamba la miwati, miti ya dawa ya ngozi, wanachukua magamba tu, miti wanaiacha chini. Msimamizi kaniambia nichukue, bure. Nimechagua yenye panda. Nimechimbia nguzo bandani, nikafunga miti ya kukingama kwa kamba za magamba. Zimekaza. Mbao tano za Elia nimezilaza juu.
Nyundo ilikuwa mkononi. Mama mkwe alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama. Nilitaka aseme, nimjibu. Majibu nilikuwa nayo mengi. Akaondoka.
Nimekaa na nyundo muda mrefu.

Jumatatu, 25 Juni
Umande umeganda, bustani yote nyeupe. Mama mkwe amekuja bandani bila kuitwa. "Kamwene," akanisalimu kama mgeni. Nikamwitikia.
Akaushika ubao wa chini, akauinua kidogo. Ukainuka. Akajaribu wa pili. Nao ukainuka.
"Hukupigilia."
"Sikupigilia, mama."
Akaurudisha polepole juu ya miti yake. Akavuta kigoda, akaanza kupanga viazi, kimoja kimoja, penye macho juu. Anajua kupanga kunishinda. Ule wenye penseli nimeuweka maandishi chini, hakuna atakayeyaona mpaka siku ya kumzika mama.
Misumari iko kwenye kopo. Kufika saa sita tulikuwa tumejaza mbao mbili.